Kabla hujapeleka kazi ya sanaa ofisi ya serikali

Naulizwa sana kuhusu ule mlango wa sanaa wa ndara tuliouchonga na kuuweka kwenye ofisi moja ya serikali hapa Lamu, yani tulipitia wapi mpaka wakatukubalia, basi acha niandike yote mara moja.

Kwanza hatukuanza na mlango. Tulitaka punda, punda mzima wa plastiki tulizookota ufuoni, kwa sababu punda ndio gari letu na kila mtu ashamuona punda akichakura jaani. Nlikuwepo siku moja punda mmoja aliyekufa akipasuliwa tumbo, likatoka donge la plastiki limekazana kama kamba, ndani kuna pakiti ya maziwa maandishi yake bado yasomeka. Mifuko imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017 lakini plastiki nyingine ziko tele. Nkasema hili lazima watu walione.

Ofisi ikakubali haraka. Alokataa ni mzee mmoja wa mtaa, akaniita pembeni akaniambia, mwanangu, sanamu ya mnyama hapo mlangoni na sisi twapita tukitoka msikitini, hapana. Nlikasirika, lakini ofisi ni yake kama ilivyo yangu. Kwa hivo ushauri wangu mkubwa ni huu, usiongee na bosi peke yake, bosi atahamishwa kesho, kaa na watu wanaopita hapo kila siku kabla hujakata ata kipande kimoja.

Tukarudi kwa fundi wa nakshi. Akatuuliza, kwani Mwamu (mtu wa Lamu) huonyesha nini mbele ya nyumba yake? Mlango! Na ndara si jambo geni kwetu, dau la Flipflopi liliundwa hapa hapa kwa tani kama 10 za plastiki na ndara kama 30,000, likashuka majini 2018 na mwaka uliofuata likaenda mpaka Zanzibar. Basi tukachonga maua ya mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, kwa ndara nyekundu na buluu, na mpaka leo wazee hupapasa ule mfaa kwa kidole wakisifu mkono wa fundi, kisha ndo wagundue ni nini.

Mahali pia patakusumbua. Mara ya kwanza tuliwekwa ghorofani karibu na ofisi ya mkubwa, hakuna mtu apitao huko ila wafanyikazi. Omba pale watu wanapongoja kulipia leseni, mtu akaa saa nzima hana la kufanya. Maneno andika Kiswahili, mistari miwili yatosha. Misumari tumia ya shaba, ya chuma ililiwa na kutu upesi kwa hii hewa ya chumvi. Na muandikiane nani afuta vumbi na kazi ni ya nani, maana jengo lilipopakwa rangi tuliukuta mlango wetu stoo umebebeshwa viti, na hatukuwa na karatasi yoyote ya kudai.

Lile donge la punda liko nyuma ya mlango, kwenye chupa ya kioo, hulioni mpaka ufungue mwenyewe. Juzi mama mmoja alifungua, akaita mwanawe, wakasoma pamoja ile pakiti ya maziwa, herufi kwa herufi.