Sarafu za mzaha: ukiuza, pesa inatoka wapi?

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Nauza dagaa Kibirizi, Kigoma. Mdogo wangu aliniwekea shilingi milioni 1 kwenye sarafu ya mtandaoni yenye picha ya mbwa. Sasa simu inaonyesha milioni 4. Kwenye kundi la Telegram wanasema tusiuze, eti thamani yake ya soko imefika bilioni 1. Hizo milioni 4 ni zangu kweli?

JIBU: Bado, dada. Thamani ya soko ni hesabu ya kuzidisha tu: sarafu zote zilizotengenezwa mara bei ya mwisho. Hakuna mahali bilioni 1 imewekwa. Pesa ya kukulipa imo kwenye mfuko wa ukwasi, ambao una sarafu yenu upande mmoja na pesa halisi upande wa pili, na huo ndio wa kuuangalia kwanza.

Tuseme sarafu zote ni bilioni 1, bei ni shilingi 1, na mfuko una sarafu milioni 20 na shilingi milioni 20. Mifuko mingi ya aina hii huendeshwa na programu kwa kanuni moja: ukizidisha idadi ya pande mbili, jibu lisibadilike. Ukiuza sarafu zako milioni 4 leo, ukiwa wa kwanza, upande wa sarafu unafika milioni 24 na upande wa pesa unashuka hadi milioni 16.67. Unapata milioni 3.33 kabla ya makato, si 4. Lakini akitangulia mtu mwenye sarafu milioni 60, yaani asilimia 6 tu ya zote, anaondoka na milioni 15. Zinabaki milioni 5 kwenye mfuko, nawe ukiuza zako zote unapata kama 238,000. Hapo hakuna aliyeiba chochote. Programu imefanya kazi yake.

Ndiyo maana kundini wanawaimbia msiuze. Kila anayengoja anamwachia mwenzake nafasi ya mbele. Kwa mfuko wa mfano huu, kuuza sarafu kama 1,053,000 kunarudisha mtaji wako wote. Fanya hivyo kwanza, zilizobaki ndizo za kubahatisha. Na mwambie mdogo wako abakize kwenye pochi (programu ya simu inayotunza sarafu) kiasi kidogo cha sarafu ya mtandao husika, mfano SOL kama ni Solana. Bila ya kulipia ada, muamala wa kuuza haupiti.

SWALI: Niko Tabora mjini, nasubiri malipo ya tumbaku. Kijiweni wanasema kuna sarafu mpya inatoka wiki hii. Nitajuaje kama ni mtego?

JIBU: Pesa ya msimu mmoja wa tumbaku isiguse huko, mtego uwepo au usiwepo. Kama ni kiasi usichokitegemea, anza na anwani ya mkataba wa sarafu yenyewe, yaani namba ndefu ya herufi na tarakimu inayoitambulisha mtandaoni, kwa sababu jina na picha hunakiliwa kwa dakika. Iweke kwenye tovuti ya Solscan (ya mtandao wa Solana) au Etherscan (ya Ethereum), kutegemea mtandao wake, ufungue orodha ya wamiliki. Usihesabu akaunti ya mfuko wa ukwasi, ambayo mara nyingi huwa juu kabisa. Wanaofuata kumi wakishika sehemu kubwa, bei iko mikononi mwao. Pochi nyingi zilizonunua sekunde zilezile za mwanzo zinaweza kuwa za mtu mmoja.

Kisha tazama ruhusa. Je, mtengenezaji bado anaweza kuchapisha sarafu nyingine, au kuzuia akaunti yako? Ukwasi umefungwa hadi tarehe gani? Usipofungwa, aliyeuweka anauchomoa wote, nanyi mnabaki na picha. Mwaka 2021 sarafu ya Squid, iliyojipachika jina la tamthilia bila uhusiano wowote nayo, ilipanda hadi zaidi ya dola 2,800, kisha tarehe 1 Novemba ikaanguka karibu na sifuri kwa dakika chache. Wanunuzi wengi walishindwa kuuza hata ilipokuwa juu.

Kwa hiyo nunua kidogo, uuze nusu papo hapo. Ikikubali, bado haijasafishwa: mikataba mingine humruhusu mtengenezaji kupandisha makato ya kuuza baadaye.

Jina kubwa nalo si dhamana. Rais Javier Milei wa Argentina alipoinadi sarafu ya LIBRA tarehe 14 Februari 2025, iliruka na kuporomoka ndani ya saa chache.

Kuhusu sheria, Benki Kuu ilionya umma mwaka 2019 kwamba fedha halali nchini ni shilingi pekee. Mwaka 2024 ikaja kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali. Kutozwa kodi hakukupi wa kukufidia ukiliwa.

SWALI: Mimi ni wa Ujiji. Nataka kutoa faida yangu, wanadai nilipe "kodi" 150,000 kwanza. Nilipe?

JIBU: Usilipe. Huo ni wizi mtupu, na ukituma watabuni ada nyingine. Usimpe mtu yeyote yale maneno 12 ya siri ya pochi, hata anayejiita huduma kwa wateja. Kama ulishatuma kwa simu, piga mtandao wako mara moja ukiwa na namba ya muamala, peleka taarifa polisi pamoja na picha za mazungumzo, na tuma namba ya tapeli kwenda 15040.