Maswali na Majibu: Theluji inayeyuka, moshi unarudi ndani

Barua nyingi safari hii zimetoka Maine, Marekani, ambako wasomaji wetu wenye asili ya Kongo, Burundi na Rwanda wanaishi kwenye nyumba za mbao zenye jiko la kuni sebuleni. Januari ya huko ina vituko: leo ni nyuzi 15 chini ya sifuri, keshokutwa mvua, halafu baridi inarudi usiku mmoja.

Habari za kazi, wahariri. Jiko letu linawaka vizuri baridi ikiwa kali. Theluji ilipoanza kuyeyuka, nje nyuzi 8, niliwasha asubuhi moshi ukajaa sebuleni mpaka king'ora kikalia. Mwenye nyumba anasema nilifunga kilango cha bomba la moshi. Sikukifunga. Kasoro iko wapi? (Lewiston)

Dada, jiko halina kosa, na huenda wewe pia huna. Moshi hupanda kwa sababu hewa ya ndani ya dohani ina joto kuliko ya nje. Nje pakiwa na baridi kali tofauti ni kubwa, kwa hiyo hata aliyewasha kizembe moshi wake unapanda. Nje pakiwa nyuzi 8 tofauti ni ndogo. Na kama dohani imejengwa upande wa nje wa ukuta na haikuwa na moto usiku, matofali yake bado yana baridi ya juzi. Hewa iliyomo ni nzito, inashuka. Fungua mlango wa jiko kabla ya kuwasha, weka kiganja mdomoni mwa jiko: ukihisi ubaridi unakujia, usiwashe bado.

Kwanza zima feni ya kutolea moshi wa mapishi na mashine ya kukaushia nguo. Zote mbili zinatoa hewa nje, na nyumba iliyozibwa vizuri huvuta hewa ya kufidia kupitia dohani. Fungua dirisha la chumba hichohicho kiasi cha vidole viwili. La ghorofani lifunge, maana hewa ya moto itatokea huko na kuzidi kuivuta ya dohani ishuke. Fungua kilango cha bomba na tundu la hewa mpaka mwisho. Kisha sokota kurasa mbili za gazeti, ziwashe, zishikilie juu kabisa ndani ya jiko, karibu na pale moshi unapotokea. Mwali ukianza kuvutwa juu na kunguruma, dohani imeamka. Ukigoma, rudia.

Sasa panga kuni kinyume na mafiga. Aliyezoea mafiga huanza na vijiti chini. Hapa vipande vinene viwili au vitatu vinakaa chini, vyembamba juu yake, vijiti vikavu vya unene wa kidole juu zaidi, na kiwashio kileleni. Moto ukishuka polepole kutoka juu, joto lake la kwanza linaingia kwenye bomba, na moshi wa mwanzo unakuwa mchache.

Kosa kubwa la siku za vuguvugu huja baadaye. Watu hujaza jiko, kisha hubana hewa ili nyumba isiwe tanuri. Kuni zinafuka badala ya kuwaka, moshi unapoa bombani chini ya nyuzi 120 hivi, na unaganda ukutani kama lami. Hiyo ndiyo kreosoti, na ndiyo inayowaka dohani ikishika moto. Siku kama hizo washa moto mdogo mkali: vipande vitatu vilivyopasuliwa vyembamba, hewa wazi, uwake hadi uishe, kisha uwashe tena jioni. Nunua kipimajoto cha sumaku, ukibandike kwenye bomba la ukuta mmoja, sentimita 45 juu ya jiko. Kisome kati ya nyuzi 120 na 245 (vya huko vimeandikwa 250 hadi 475 za Fahrenheit). Kwenye bomba la kuta mbili cha sumaku kinadanganya. Tafuta chenye sindano inayoingia ndani.

Moshi ukirudi hata siku za baridi kali, mwite fundi wa dohani. Mara nyingi wavu wa kofia ya juu umezibwa na masizi, au dohani ni fupi: inatakiwa izidi paa kwa futi 3 pale inapotokea, na izidi kwa futi 2 kitu chochote kilicho ndani ya futi 10.

Tulinunua kordi mbili za kuni Oktoba, tukaambiwa ni mwaloni mkavu. Zinatoa povu kwenye ncha na kioo cha jiko kinakuwa cheusi. Je, tumepunjwa? (Portland)

Kwa ukavu, ndiyo. Povu ni maji. Mwaloni uliopasuliwa huchukua takriban miaka miwili kukauka, wakati miti mingi mingine huridhika na kiangazi kimoja kirefu. Pima kwa kipima unyevu: lete kipande ndani kipate joto la chumba, kipasue upya, chomeka pini kwenye uso huo mpya kufuata nyuzi za mti. Inatakiwa chini ya asilimia 20. Ukipima gome au ncha utapata namba tamu isiyo kweli, na wauzaji wengine wanalijua hilo.

Kwa ujazo, kordi ni rundo lililopangwa la futi 4 kwa 4 kwa 8, yaani futi za ujazo 128. Pima kabla ya kuanza kuchoma.

Msimu huu pasueni vyembamba zaidi, mchanganye na magogo ya maranda yaliyoshindiliwa, na mwite fundi akague dohani sasa, msingoje ukaguzi wa mwaka. Tabaka la kreosoti likifikia milimita 3 lisafishwe. Kuni zilizo ndani zikae zaidi ya futi 3 kutoka kwenye jiko.

Tangu tuwe na jiko la kuni boila ya mafuta (mtambo unaopasha maji ya kuipa nyumba joto) haiwaki, na tunafurahia. Lakini bomba la besimenti, chumba cha chini ya nyumba, limepasuka nyumba ikiwa na joto. Imekuwaje? (Auburn)

Themostati yenu, yaani kidhibiti joto, iko sebuleni, karibu na jiko. Inaona nyuzi 23, inaizuia boila. Maji yaliyo kwenye mabomba ya ukuta wa nje yamesimama palepale, na baridi iliporudi yakaganda. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9. Shinikizo linajibana kati ya barafu na koki iliyofungwa, na mara nyingi mpasuko mnauona siku barafu inapoyeyuka.

Utabiri ukisema usiku utashuka chini ya nyuzi 7 chini ya sifuri, pandisheni themostati jioni na alfajiri mpaka redieta zote zishike moto. Fungueni milango ya makabati chini ya sinki, na acheni bomba la mbali litiririshe uzi mwembamba wa maji. Vaeni mabomba ya besimenti sponji. Likiganda kabla ya kupasuka, fungueni koki, pasheni kwa mashine ya kukaushia nywele mkianzia upande wa koki. Moto wa gesi hapana: umechoma nyumba nyingi.

Umeme ukikatika naweza kuingiza jiko la mkaa ndani kwa muda mfupi? Na jivu la jiko la kuni nilitupe wapi? (Lewiston)

Mkaa ndani, hata dakika kumi, hapana; jenereta vilevile, hata gereji ikiwa wazi. Kaboni monoksidi haina harufu. Dhoruba ya barafu ya Januari 1998 iliwaacha mamia ya maelfu ya watu wa Maine bila umeme, na wapo waliokufa kwa gesi hiyo, si kwa baridi. Weka king'ora chake chenye betri karibu na vyumba vya kulala. Jiko la kuni lenyewe halihitaji umeme. La peleti, vidonge vya maranda yaliyoshindiliwa, linauhitaji.

Jivu lichotwe kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko, likae nje juu ya udongo au zege, mita 3 au zaidi kutoka nyumbani na kwenye baraza la mbao. Makaa yaliyofunikwa na jivu yanaweza kukaa hai siku nne. Acha sentimita 2 za jivu ndani ya jiko, linasaidia moto unaofuata. Lililopoa kabisa linyunyize njiani penye barafu, na ufute viatu mlangoni.