Usiandike ile orodha ya majina mia

Usiiandike. Umeuliza mambo manne kuhusu hii biashara ya kuuza chai na kuingiza watu, kama uchukue pakeji ya kuingilia ya elfu 18 au ya elfu 45, kama hizo chai za kupunguza mwili zinauzika huku kwetu Lamu, kama unahitaji leseni ya kaunti, na vipi utaweka matangazo kwa stetasi bila kuwachosha watu, halafu katikati hapo ukapitisha kama jambo dogo tu kwamba huyo shoga yako wa Malindi amekupa daftari uandike majina mia ya watu unaowajua kabla ya mkutano wa Jumamosi. Dadangu, hilo daftari ndio biashara yenyewe. Hiyo chai ni kisingizio. Kama ushaanza kuandika chana hizo karatasi, kisha ndio uje usome haya mengine.

Mie niliingia biashara kama hiyo 2020, wakati wa korona, mahoteli ya Shela yamefungwa, wageni hakuna, arusi zenyewe za watu kidogo, na kazi yangu mie ni kupaka hina na piko. Mtu akikujia wakati kama huo akakwambia kuna pesa waweza kuipata ukiwa ndani kwako na simu yako, humfukuzi, na wao wanajua, ndio maana huja wakati huohuo. Hawa waliokuja kwetu walikuwa washajua mpaka habari za fidia ya wavuvi, ile ya ujenzi wa bandari ya Lamu, maana Mahakama Kuu 2018 ilikuwa ishaamua wavuvi wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 na mui mzima ulikuwa unangoja. Lida wetu, yaani yule aliye juu yetu aliyetuingiza, alitwambia wazi kwenye Zoom, anzeni na nyumba za wavuvi. Pesa ya watu haijafika na yeye keshaipigia hesabu.

Sasa hiyo orodha. Watakwambia ni zoezi tu, ujionee vile ulivyo na watu wengi. Mie niliandika dadangu, nikaandika majirani zangu wa Langoni, nikaandika mwalimu aliyenisomesha chuoni, nikaandika kina mama wote wa mchezo wetu, ule wa kuchanga pesa na kupokezana kwa zamu. Ukimaliza wanakwambia weka alama mbele ya kila jina: huyu ana pesa, huyu ana shida, huyu ana watu. Yaani umekaa sakafuni usiku unampangia bei mtu aliyekushikia mwanao ukiwa mgonjwa. Na baada ya hapo humuoni tena vile ulivyokuwa ukimuona, akikuamkia sabalkheri wewe unawaza leo ntaanzia wapi. Kuna shoga yangu mmoja nilimwekea alama zote tatu.

Huyu tumesoma chuo pamoja, tumezaa mwaka mmoja, siku ya arusi yake hina nilimpaka mie. Mumewe mvuvi. Tulikuwa nae kwenye mchezo mmoja, watu ishirini, elfu mbili mbili, na zamu yake ilikuwa imekaribia, elfu 40. Zile pesa zilikuwa na kazi yake tayari, mumewe alikuwa amepatana na mtu amuuzie mashine ya boti iliyotumika, kiasi washalipa, na hiyo zamu ndio ya kumalizia. Nayajua yote haya kwa sababu aliniambia mwenyewe, tumekaa kwangu tunakunywa kahawa, akaniambia kama mtu anavyomwambia shogake. Mie nikaenda nikamwambia lida wangu.

Ilikuwa mwisho wa mwezi na nimebakisha pakeji moja nipande levo. Lida akanipigia usiku, akanipigia asubuhi, akanipigia tena usiku, huyo shoga yako mletee pakeji kubwa, mashine ya boti itangoja, akiingia sasa baada ya miezi mitatu atanunua mbili. Nikamuuliza, na mumewe je? Akanijibu mumewe asijue mpaka pesa ianze kurudi, wanaume hukatisha tamaa. Na mie maneno hayo nikayabeba vilevile nikampelekea. Nilimwambia mke wa mtu afiche pesa ya kazi ya mumewe. Nikimkumbuka yule mwanamke ananitazama na kunisadiki kwa kuwa ni mie, wallahi hata leo tumbo huniuma. Asingemsadiki mgeni. Angekuja lida mwenyewe na suti yake asingepewa hata mia. Ndio maana ya orodha, wao hawana njia ya kuufikia mlango ule, njia ni wewe.

Akalipa. Mie ikaniingia bonasi ya elfu 4 kwa M-Pesa, na lida akaniambia piga skrinshoti uweke kwa stetasi watu waone kazi inalipa. Nikaweka. Sasa fikiria hapo, hiyo elfu 4 ilitoka wapi? Hakuna mtu aliyekunywa chai wala kumeza kidonge. Ilitoka kwenye mashine ya boti ya shoga yangu, elfu 4 nikachukua mie, aliye juu yangu akachukua, na wa juu yake akachukua, iliyobaki ikarudi Lamu kwa umbo la makartoni. Na kina mama watatu waliingia kwa kuiona ile skrinshoti.

Makartoni yakashuka Mokowe, yakavuka kwa boti. Boksi moja la chai 2,800. Huku kwetu mtu anachemsha tangawizi na mdalasini wake, nani anunue chai ya 2,800? Walionunua ni ndugu, mara moja, kwa haya. Kisha kila mwezi lazima ununue tena za kiasi fulani uwe aktivu, la sivyo bonasi yako inapotea hata kama una watu chini yako, kwa hiyo unanunua mwenyewe, unajaza pointi, unapanga chini ya kitanda. Na kuna ile habari ya miguu miwili, watu walio chini yako wanapangwa kushoto na kulia, hawakuelezi vizuri mpaka ushaingia: unalipwa kwa ule mguu mdogo. Kushoto ukiwa na pointi elfu na kulia mia, hesabu yako ni mia. Ndio huishi kutafuta watu, kila siku kuna upande umelegea.

Aliyeuza mashine alipokuja kudai bakaa yake ndio mumewe akajua. Hakupiga kelele. Alikuja kwangu na makartoni juu ya punda, akayashusha mlangoni, akatoa salamu, akaenda zake. Nilitamani angenitukana. Mashine ikauzwa kwa mtu mwingine, na kile kiasi walichokwisha kulipa kilirudi nusu. Niliuza bangili zangu nikampelekea shoga yangu elfu 15, akapokea, akasema ahsante. Tukikutana njiani salamu anaitikia. Lakini binti yake alipoolewa, hina ilipakwa na mtu wa Mkomani, na mie sikualikwa hata siku ya kupika.

Na mchezo wetu ulikufa. Ule mchezo ulikuwa wa miaka, haujawahi kukosana mtu, kila mtu anatoa na kila mtu anapata zamu yake, hakuna wa juu wala wa chini. Mtu asikudanganye ati hizi biashara ni mchezo huohuo ila mkubwa zaidi. Katika mchezo mtu wa mwisho anapata sawasawa na wa kwanza. Huku wa mwisho ndie anayewalipa wote.

Piga hesabu mwenyewe. Sisi tuliambiwa leta sita, na kila mmoja wao alete sita, ni rahisi, nani asiye na watu sita? Haya. Sita, 36, 216, 1,296, 7,776, 46,656, na safu ya saba ni 279,936. Sensa ya 2019 kaunti nzima ya Lamu ilikuwa na watu 143,920, Kiwayu mpaka Mpeketoni, na watoto wachanga ndani. Safu ya saba tu tushamaliza watu wote na bado hawatoshi. Sasa wewe unaalikwa leo, baada ya kina sisi, unadhani uko safu ya ngapi?

Huyo lida wetu ndio nataka nimseme kidogo. Alikuwa akija kutoka Malindi, anafika mpaka Mokowe na gari ya kukodi, anapigwa picha pale kabla ya kuvuka, picha zinatangulia kwenye grupu. Kila kikao anaanza na dua na anamaliza na dua, riziki haiji kwa mtu aliyelala, na sisi tunaitikia amin. Alitufunza mtu akikukatalia huyo ana fikra hasi, mtoe katika maisha yako. Kakangu aliniuliza swali moja tu, hizi bidhaa nani anazinunua? Nikakaa mwezi mzima simsemeshi kakangu wa tumbo moja kwa sababu ya lile swali. Na nilipokuwa nikipaka hina, lida ndie aliyenifunza hapo ndipo pa kusema, maana mtu mikono na miguu ina hina mbichi hawezi kuinuka akaenda. Nikawa nafanya hivo. Bibi arusi amekaa, siku yake ya furaha, na mie namsomea habari za levo na bonasi mpaka hina ikauke. Wateja walipungua taratibu, mmoja mmoja, hakuna aliyenigombeza, walitafuta tu mpakaji mwingine. Yule lida alipoona huku pamekauka akahamia kampuni nyingine, dua zilezile, picha zilezile, na namba zetu akazifunga. Nilimpigia kwa simu ya jirani kumuuliza kuhusu zile elfu 40. Akaniambia sikufanya kazi kwa bidii.

Huyo shoga yako naona kakwambia kampuni ni ya kimataifa na imesajiliwa. Lida wetu alikuwa akipenda kutaja Amway, kampuni ya Marekani ya biashara kama hii, ati 1979 serikali ya Marekani yenyewe iliamua hii si piramidi, ule utapeli wa wa chini kuwalipa wa juu. Sikusoma wakati ule, nimekuja kusoma baadae. Ile tume yao ya biashara, FTC, iliona Amway si piramidi kwa kuwa kulikuwa na masharti: ili upate bonasi ya mwezi lazima uwe umeshauza angalau asilimia 70 ya ulichonunua, uonyeshe umeuzia wateja kumi wa rejareja, na mtu akitoka mali iliyobaki inanunuliwa tena. Sisi hakuna aliyewahi kutuuliza jina la mteja hata mmoja. Walituuliza majina ya kuingiza tu. Na tume hiyohiyo 2016 iliibana Herbalife, kampuni ya dunia nzima ya biashara kama hii, ikalipa dola milioni 200 na kukubali kubadilisha mfumo wake watu walipwe kwa bidhaa zilizofika kwa wateja kweli, na mwanzo wa 2017 hundi zikatumwa kwa watu karibu 350,000. Kwa hiyo neno kimataifa lisikutulize roho.

Mwambie hivi huyo shoga yako, tena kwa upole maana si mtu mbaya, jina lako liko katika daftari lake na kuna mtu anampigia usiku kama nilivyokuwa nikipigiwa. Mwambie mie niko tayari kuuza, lakini kwanza ntauza boksi tano kwa watu nisiowajua, wageni wa hoteli, watu wa ofisini, yeyote, na jina la ndugu wala rafiki halitoki kwangu. Sikiliza atakujibu nini. Kama bidhaa inauzika atasema sawa. Akianza kukwambia anza na soko lako la karibu, watu wanaokuamini, basi ushajua wanauza nini.

Nawaona hapa kwenye majibu wanaosema wao wamefaulu katika biashara hizi. Pengine. Mie siwajui. Waulizeni kati ya ile pesa waliyopata ni kiasi gani kimetoka kwa mtu aliyenunua boksi akanywa akarudi kununua jingine bila kujiunga. Swali ni hilo tu, na wasijibu kwa picha ya gari.

Umesema ushalipa elfu 3 ya kujiandikisha. Idai kwa maandishi, kwa meseji, uwe na ushahidi, mwambie umebadilisha nia na hujachukua bidhaa yoyote. Wakiirudisha sawa, wasipoirudisha iache iende, usiifuate na elfu 18 nyingine kwa uchungu wa hiyo elfu 3. Na hiyo Jumamosi usiende hata kusikiliza tu, maana pale mlangoni ndipo wanapoliomba daftari.