Kabla hujahamia jangwani New Mexico, uliza maji kwanza

Juzi naongea na mama yuko Dodoma, nikamwambia mama ngoja nitakupigia baadaye naenda kuchota maji. Akakaa kimya kidogo, akauliza, "Mwanangu, si ulisema uko Marekani?" Aisee nilicheka. Yeye siku hizi bomba liko uani, mi niliyepanda ndege ndo nabeba madumu.

Tulihama Houston 2019 tukaja huku nje kidogo ya Taos, kaskazini mwa New Mexico, tulichoka joto na kodi alafu tukaona kiwanja mtandaoni, kikubwa, bei ya kutupa. Sasa kuna ndugu zetu wananitumia meseji wanataka waje na wao kwaiyo leo niseme yote kwa pamoja nisirudie rudie.

Mi nilijidanganya kwamba mtu wa Dodoma ukame utamfanya nini. Kumbe Dodoma inapata mvua karibu mara mbili ya huku, huku kwa mwaka ni kama milimita 300 tu na theluji humo humo. Na sio jangwa la mchanga na ngamia, hili liko juu, karibu mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, mchana jua linakuchoma na usiku wa Januari nyuzi 10 chini ya sifuri ni kawaida tu.

Kiwanja kikiwa bei ya kutupa jua kuna kitu. Chetu hakikuwa na kisima wala nguzo ya umeme. Umeme ni rahisi, sola inatosha kabisa maana jua lipo. Maji sasa! Kuchimba kisima unaweza kushuka mamia ya futi, na mchimbaji unamlipa kwa futi, maji yatoke yasitoke. Kwaiyo kabla hujatoa hela uliza kisima kipo, kina urefu gani, na kama hakipo maji wanachota wapi na hiyo njia Machi inapitika? Sisi hatukuuliza.

Tukanunua tanki la lita 1,000 tukaliweka kwenye pikapu tukajaza mpaka juu. Lita moja ni kilo moja, hesabu ya shule ya msingi hiyo, lakini siku ile hakuna aliyeipiga, tumepakia tani nzima kwenye gari la watu wawili na mbwa. Springi zikalala, mbele pakanyanyuka kama mashua, na njia yenyewe ni rafu, matuta matuta kama bati, kifuniko kikachomoka katikati ya safari. Tumefika na nusu. Siku hizi tanki la lita 500 safari mbili na hakuna ubishi na mume wangu.

Lakini hapa ndo malezi ya nyumbani yanalipa. Kuoga kwa ndoo na kopo, maji ya kusuuzia mboga yanaenda kwenye miche, mvua tunakinga kwenye bati, yaani majirani Wazungu wanashangaa tunaishije na maji kidogo hivo na mi nashangaa wanavyoshangaa. Shida ni baridi tu, mpira wa maji ukiusahau nje na maji ndani unaganda unapasuka, kila jioni lazima uumwage.

Mvua za Julai mpaka Septemba nazo msizidharau. Korongo linaweza kuwa kavu, juu yako mawingu hamna, kumbe imenyesha mlimani huko na maji yanakuja na magogo. Usipaki humo hata dakika tano. Tope la theluji ikianza kuyeyuka ni habari nyingine, udongo unashika tairi kama ugali kwenye mwiko. Wenyeji wanaenda mjini alfajiri bado pameganda. Mi nilitoka saa nne asubuhi nikijiona mjanja, nikakwama mpaka mzee mmoja jirani alipokuja na trekta, hela akakataa, chapati akakubali. Mwezi uliofuata akanipa koleo nikasafishe nao mfereji wa kumwagilia, wanauita acequia, neno lenyewe Wahispania walilitoa kwa Waarabu, as-saqiya. Mfereji haupiti hata karibu na kwangu ila nilienda, na ukihamia huku we nenda tu. Siku ile ndo niliingia ndani ya nyumba yake kwa mara ya kwanza, tofali za udongo na majani, paa limelala flati, nikajiona niko kwenye tembe la bibi.

Hili la panya nisikilize vizuri. Panya wa huku wanabeba hantavirusi, kirusi kinachoshambulia mapafu, 1993 kiliua watu hapa kusini magharibi mwa Marekani. Ukikuta kinyesi chao stoo usifagie, vumbi lake ndo hatari. Fungua madirisha nusu saa, vaa glavu, mwagia jiki iliyochanganywa na maji, subiri kidogo ndo ufute.

Jikoni maji yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi kwa sababu ya mwinuko, kwaiyo maharage utapika mpaka ukasirike, nunua sufuria ya presha. Na mafuta ya mgando usikose, ngozi inapasuka, pua inatoka damu, wiki za kwanza nilidhani naumwa.

Mnaosema mtakuja kututembelea karibuni sana, njooni na unga wa dona maana mjini hamna, na msije na ndala. Mbigili zimejaa, zile zile za Dodoma, zinatoboa mpaka tairi ya baiskeli.