Maswali ya Wasomaji: Sharks waliingiaje kombe kubwa?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Msimu wa 2023-24 Sharks, timu ya raga ya Durban, Afrika Kusini, walikuwa hoi kwenye ligi yao ya URC (ligi ya raga ya klabu za Ulaya na Afrika Kusini), sasa mbona msimu uliofuata tukawaona Champions Cup, lile kombe kubwa la klabu za raga Ulaya? Nifafanulieni jamani.

JIBU: Salama ndugu yetu. Sharks walimaliza ligi nafasi ya 14 kati ya 16, hapo hawakupata tiketi, lakini walikuwa wanacheza pia Challenge Cup, lile kombe la daraja la pili la raga ya Ulaya, na bingwa wake anapewa tiketi ya Champions Cup hata kama ligi imemchapa vibaya. Nusu fainali waliwatoa Clermont 32-31, mechi ya presha kwelikweli, halafu kwenye fainali Mei 24, 2024, pale uwanja wa Tottenham jijini London, wakawapiga Gloucester 36-22, wakawa timu ya kwanza ya Afrika Kusini kubeba kombe hilo.

Tena si kombe la wanyonge, maana walioshika nafasi ya tano kwenye makundi ya Champions Cup huwa wanashushwa huku Challenge Cup kuanzia 16 bora. Kwa maoni yetu Sharks waliistahili ile tiketi.