Maoni Yaulizwe Kabla Ramani Haijachorwa

Mhariri, wiki hii mmewauliza wasomaji kama maoni ya wananchi hubadilisha chochote katika mipango ya ukuaji wa Nairobi na kaunti zinazoizunguka. Jibu langu ni kwamba yanaweza kubadilisha, na yamewahi kubadilisha, ila jambo hilo hutegemea mno siku ambayo mwananchi anaitwa. Akiitwa wakati karatasi ingali nyeupe, maarifa yake huingia katika mpango. Akiitwa baada ya mistari kuchorwa na fedha kutengwa, huwa amealikwa kushuhudia uamuzi wa watu wengine.

Miaka michache iliyopita nilihudhuria kikao cha kukusanya maoni katika ukumbi mmoja wa kijamii, huku upande wa mashariki mwa jiji ninakoishi. Tangazo lilikuwa limebandikwa siku tatu kabla. Mpango wenyewe ulikuwa kitabu kinene kilichoandikwa kwa Kiingereza, na nakala mbili zilizoletwa zilizungushwa miongoni mwa watu zaidi ya sitini. Mama mmoja auzaye mboga alisimama akauliza mtaro utakaopita nyuma ya soko utayamwaga wapi maji yake, kwa kuwa upande wa chini kuna njia ya watoto waendao shuleni. Aliambiwa kwamba swali lake limenukuliwa. Tulitia sahihi orodha ya mahudhurio, tukanywa soda, tukaondoka, na ninaamini kwamba orodha ile ndiyo iliyokuja kutumika kuonyesha kuwa umma ulishirikishwa.

Sheria haina upungufu mkubwa. Ibara ya 10 ya Katiba ya 2010 inautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa, Ibara ya 184 inataka wakazi wa miji washiriki katika usimamizi wake, na Ibara ya 35 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 na ile ya upangaji na matumizi ya ardhi ya 2019 zinaendeleza wajibu huohuo. Kinachokosekana ni mazoea ya kuwauliza watu mapema na kuwajibu kwa maandishi.

Kwamba inawezekana, Mukuru, eneo la mitaa ya mabanda jijini Nairobi, ni ushahidi. Mnamo Agosti 2017 serikali ya Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalum la upangaji, ambako kaya zipatazo laki moja huishi katika nyumba za mabati zilizobanana. Ujenzi mpya ulisimamishwa kwa miaka miwili ili mpango uandaliwe kwanza. Wakazi waligawanywa katika makundi ya nyumba kumi kumi, kila kundi likawa na msemaji, na mazungumzo yakapanda kutoka vichochoroni hadi kwenye meza walikoketi wataalamu wa maji, afya, elimu, nyumba na sheria. Muungano wa Wanavijiji, ambao ni chama cha wakazi wa mitaa ya mabanda wenyewe, ulibeba sehemu kubwa ya kazi hiyo. Kabla ya hapo takwimu zilikuwa zimekwisha kukusanywa mtaani, zikaonyesha jambo ambalo kila mnunuzi wa maji ya mtungi alilijua: kwamba mkazi wa Mukuru huyalipia maji bei ya juu kuliko mwenye bomba katika mtaa wa kifahari. Suala la upana wa barabara nalo lilijadiliwa kwa kina, kwa sababu vipimo vya kawaida vya upangaji vingelazimu nyumba nyingi mno zivunjwe, na ilibidi vipimo hivyo virekebishwe kulingana na hali ya mtaa. Baadaye barabara za lami, mabomba ya majitaka na vituo vya afya vilianza kujengwa.

Sitaki kuipamba Mukuru kupita kiasi. Mwaka 2021 sehemu ya Mukuru kwa Njenga ilibomolewa kupisha barabara, na maelfu ya watu wakalala nje kwenye mvua. Mpango ulioandaliwa na wananchi unahitaji ulinzi wa sheria dhidi ya mradi utakaokuja ghafla kutoka juu. Vinginevyo miaka ya vikao hufutwa na tingatinga kwa asubuhi chache.

Kuna kundi ambalo husahaulika karibu kila mara, nalo ni wapangaji. Wakazi wengi wa jiji hili hulipa kodi ya nyumba kila mwezi, lakini mialiko huwafikia wenye ploti na vyama vya wenye nyumba. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalipofagia makazi kando ya mito ya Mathare na Ngong, na ubomoaji wa nyumba zilizo kingoni ukafuata, waliopoteza vitanda na sufuria walikuwa zaidi wapangaji, ambao hawakuwa wameulizwa lolote wakati vyumba vile vilipokuwa vikijengwa hatua chache kutoka majini. Mpangaji aliyeishi pale misimu minne ya masika anajua maji hufika wapi usiku wa manane, na maarifa hayo hayamo katika ramani yoyote.

Swali lenu limetaja pia kaunti jirani, na hapa ninaona pengo kubwa zaidi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 katika Nairobi, lakini wengi wanaofanya kazi hapa hulala Kiambu, Kajiado na Machakos. Maji tunayokunywa hutoka hasa katika bwawa la Ndakaini lililoko Murang'a na lile la Sasumua lililoko Nyandarua, na uchafu wetu huteremka na Mto Nairobi hadi Mto Athi, kwa watu wanaomwagilia mashamba kwa maji hayo. Mbuga ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, haina ua upande wa kusini kwa sababu wanyama huvuka kwenda nyanda za Kajiado, ambako ardhi inaendelea kukatwa ploti. Hata hivyo vikao vyetu huishia kwenye mpaka wa wadi. Ibara ya 189 inaziruhusu kaunti kuunda kamati za pamoja, na ningetaka kamati ya namna hiyo iwaite mkulima wa Ndakaini, mfugaji wa Kitengela na mkazi wa Kayole katika kikao kimoja, kwa sababu wote watatu wanaguswa na uamuzi uleule.

Mpango wa maendeleo wa kila mwaka hupaswa kufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Basi vikao vya wadi vifanyike mwanzoni mwa mwaka, muhtasari utolewe kwa Kiswahili wiki kadhaa mapema, na baada ya uamuzi karatasi ibandikwe kwenye ukumbi uleule ikieleza ni maoni yapi yamekubaliwa, yapi yamekataliwa na kwa nini. Mtaro wa nyuma ya soko letu ulijengwa, na mvua ikinyesha maji yake hutuama kwenye njia ya watoto, kama alivyohofu yule mama. Yeye bado anauza mboga palepale, na hajapata jibu.