Moyo au usingizi?

Mdogo wangu, umeuliza usomee ubingwa wa moyo au wa usingizi, yaani wa kumpa mgonjwa dawa ya usingizi wakati wa upasuaji, nawe kazi yako ya udaktari iko Chake Chake, Pemba. Mimi nasema usingizi. Mpasuaji awe hodari vipi, bila mtu wa kumlaza mgonjwa na kumwamsha salama hafanyi kitu, na mama aliyekwama usiku katika kujifungua hangoji boti ya Unguja. Moyo una heshima yake, lakini husomwa baada ya ubingwa wa magonjwa ya ndani, kwa hiyo utakaa nje miaka mingi zaidi. Kabla hujajaza fomu, lipitie daftari la rufaa la miezi 12: wagonjwa gani wanavushwa kwenda kutibiwa Unguja, kwa maradhi gani? Na mkuu wako akuandikie kama vifaa vitakuwepo ukirudi.